Nani Atanitwisha

Wapo vijana siku hizi wanaosema watu wa namna yangu waliletwa na televisheni. Nikiwasikia hutamani kuwauliza, hiyo televisheni ilinikuta wapi? Mimi nilisimama mchana kweupe mbele ya watu arobaini, kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Bagamoyo, nikasema mimi ni mwanamke. Wakati huo mtaani kwetu palikuwa na redio moja tu, nayo ilikohoa zaidi kuliko kusema. Sikufundishwa na mtu. Ningempata wa kunifundisha, labda ningefanya kwa akili zaidi.

Wanaonisimulia huanza na nguo. Wanasema nilikuja kazini nimejifunga kanga, nimepaka wanja, watu wakaanguka kwa mshangao. Uongo mtupu. Siku ile nilivaa msuli wangu wa kila siku na fulana yenye matundu mawili mgongoni. Nguo zilikuja baadaye sana. Mimi nilianza na mzigo, kwa sababu enzi zile pwani yetu, ukitaka kumjua mtu kwa mbali kabla hujaona uso, ulitazama anabebaje.

Mwanamume alibeba begani. Alikuwa na mti wake wa mzega, kapu moja mbele, jingine nyuma, akaenda akinesanesa. Mwanamke alibeba kichwani, na chini ya mzigo aliweka kata, kipande cha nguo au majani makavu yaliyosokotwa yakawa duara. Mtoto mdogo hakuwa na sheria. Nilipokuwa mdogo Kaole nilibeba kichwani kama watoto wote. Mamangu alinitwisha kidebe cha maji kisimani, nikamfuata nyuma, maji yakinichuruzika masikioni, na raha niliyoipata pale sijaipata tena mahali pengi. Kisha nikapelekwa jandoni. Siku ya kutoka, nilimkuta babu yangu amenichongea mti wa mzega, ameulainisha kwa mafuta ya nazi, unang'aa. "Kuanzia leo," akaniambia, "kichwa chako ni cha kofia." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikalia, wakadhani ni kidonda.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima wa kubeba chumvi, niligundua jambo ambalo babu hakuniambia, na sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kulifikiria. Mwenye mzega hamhitaji mtu. Anachutama, anaingiza bega chini ya mti, anasimama, kwaheri. Lakini kapu lililojaa chumvi huwezi kulipandisha kichwani peke yako. Lazima mtu akutwishe. Anasimama mbele yako kifua kwa kifua, mnashika kapu pamoja, mnahesabu moja mbili kwa macho, juu. Kwa hiyo wanawake walikwenda kwa mstari mmoja na mwanamke hakuachwa nyuma peke yake. Nilikaa miaka tisa nikiwatazama. Wenzangu walidhani natazama wanawake kwa sababu ile wanayotazamia wao, na mara nyingine walinipiga kiwiko, tukacheka pamoja, na kicheko changu kilikuwa cha mtu mwongo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye majaruba, vidimbwi vipana visivyofika magotini, kila kimoja kimezungushiwa tuta la udongo. Jua lilikausha maji, chumvi ikabaki, ikavutwa kwa reki na kurundikwa kandokando. Kila rundo tuliliita chungu. Wabebaji tukaitoa chunguni na kuipeleka ghalani, mwendo wa kama robo saa juu ya matuta. Kila mtu alipewa kipande, yaani kazi yake ya siku, na ukimaliza kipande unakwenda zako. Miguu ilipasuka. Asiyepaka mafuta ya nazi asubuhi alilia jioni.

Msimamizi wetu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Vigwaza, aliyejifunzia kazi ya kusimamia watu kwenye mashamba ya mkonge. Uhuru ulikuwa umekuja, chumvi ilikuwa imetangazwa kuwa mali ya wananchi, na yeye mwenyewe alitutaka tumwite ndugu, lakini sisi tuliendelea kumwita nyapara, naye aliendelea kuitika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake, chumvi ghalani, reki ukutani, wanaume huku, wanawake kule.

Upande wa wanawake mwenye sauti alikuwa kungwi. Ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake nyingine. Alikuwa mjane wa Mji Mkongwe wa huko huko Bagamoyo, umri wa mama yangu, na wasichana wengi wa Bagamoyo walipovunja ungo ni yeye aliyewaingiza ndani, akawafunda na kuwacheza ngoma mpaka wakatoka wanawake. Chunguni aliongoza nyimbo. Alibeba kapu kubwa kuliko wote, na mikono yake ilining'inia tu, hakugusa kapu, kama lililozaliwa pale kichwani. Akikunja uso, mstari mzima ulikunja uso.

Nilijijua tangu zamani. Sitapoteza wino kueleza nilijuaje, kwa sababu hakuna anayemuuliza mwanamume alijuaje kwamba ni mwanamume. Kilichonisukuma kusema ni mamangu. Alikuwa ameanza kunitafutia mchumba Kiwangwa, binti wa watu, mkulima wa mananasi, na walikuwa wamekwisha kupelekeana salamu. Nilimwona yule binti mara moja, amekaa ukumbini kwao anamenya muhogo, akaniamkia kwa adabu bila kuinua macho. Nilirudi Kaole siku ile nimechoka kuliko siku ya kubeba chumvi. Uongo wangu nilikuwa nimeubeba mwenyewe miaka yote na sikumdai mtu. Sasa ulitaka kummeza mtu mwingine.

Basi Jumatatu iliyofuata niliondoka nyumbani alfajiri nimekata shauri kutoshika mzega. Mti wenyewe ulikuwa kule kule kazini, umeegemea ukuta wa ghala ambako huuacha. Mkononi nilikuwa na kata, niliyoisokota kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Nilikwenda nikasimama mwisho wa mstari wa wanawake. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama, akatazama kata, akasogea hatua moja mbele.

Nyapara akaja na kofia yake ya pama na karatasi zake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Jipu?"

Hapo ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Kulikuwa na ruhusa moja tu ya mwanamume kubeba kichwani, nayo ni jipu begani. Mti wa mzega huchubua, chumvi inaingia mchubukoni, bega linavimba. Mwanamume wa namna hiyo alisamehewa siku saba, akabeba kichwani kapu nusu hadi apone, na watu walimtania kidogo halafu wakamsahau. Kwa hiyo nyapara aliponiona na kata hakushtuka hata chembe. Alikuwa amekwisha kushika kalamu aandike. Wanaume walianza kunipigia kelele kutoka upande wao, wananipa pole na dawa. Mmoja alisema majani ya mbono, mwingine akasema sabuni ya kipande na sukari.

Ningesema ndiyo, ningekuwa na siku saba za kubeba kichwani bila neno la mtu. Nakiri nililifikiria. Siku saba ni nyingi kwa mtu aliyengoja tangu jandoni.

"Sina jipu," nikasema. Nikashusha fulana begani ili aone. Bega lilikuwa zima, lina sugu tu.

"Sasa umekuja huku kufanya nini?"

"Nimekuja mahali pangu. Mimi ni mwanamke."

Alicheka. Alicheka kwa wema, kama mtu anayemsaidia mwenzake kumaliza utani. Aliponiona sicheki akaacha, na wale wa upande wa pili wakaanza kusogea wasikie.

"Sema tena," akasema.

"Mimi ni mwanamke. Nilizaliwa hivi, ila niliambiwa vingine, nami nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Kazi sijaichoka. Nitabeba kipande changu kama siku zote, ila nitabeba kichwani na nitakwenda na hawa."

Sauti yangu haikutetemeka. Najivunia hilo mpaka leo. Kutoka kwa wanaume nilisikia neno hanithi, kisha maneno mengine ambayo sitayaandika, maana yalikwisha kusemwa vya kutosha. Mmoja aliyekula nami sahani moja miaka tisa alitema mate chini. Nikamtazama mpaka akatazama pembeni.

Nyapara alikuna kidevu. Alikuwa mjanja yule mzee. Angeweza kunifukuza palepale, lakini wabebaji wa nguvu zangu walikuwa hawapatikani wakati ule wa chumvi nyingi, na ubishi ungemkalia yeye shingoni. Kwa hiyo akaugawa mzigo.

"Mimi sijui mambo ya nani mwanamke na nani si mwanamke," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Wanaojua ni wanawake wenyewe. Wakikutwisha, bebea huku, mimi sina neno. Nakupa siku kumi na mbili. Zikiisha hujatwishwa na mtu, chukua mti wako urudi kwa wenzako, au uchukue njia urudi Kaole."

Watu wote wakamgeukia kungwi. Alikuwa mbele ya mstari, kaniki yake imekazwa kiunoni, kata yake mkononi. Alinitazama kuanzia miguuni, polepole, kama anavyotazama samaki anayemshuku.

"Mimi simtwishi mwanamume aliyetoka jandoni," akasema. "Ni ajinabi kwangu. Nitasimama naye kifua kwa kifua, mikono ikutane, kwa dini gani? Na mwanamke hawi mwanamke kwa kata, baba. Mwanamke huchezwa. Wewe nani alikucheza?"

"Hakuna," nikamjibu. "Ningeletwa kwako ningekuja mbio. Sikuletwa."

Wanawake wawili watatu walicheka kabla hawajajizuia. Kungwi hakucheka. Aligeuka akaanza wimbo, mstari ukaondoka.

Chunguni kulikuwa na mjazaji, mama mnene mwenye koleo, ambaye kazi yake ilikuwa kubaki pale kujaza makapu na kumtwisha yule wa mwisho asiyekuwa na mtu nyuma yake. Wa mwisho nilikuwa mimi. Alinijazia kapu langu vizuri, hakuniibia hata chepe moja. Kisha akatazama mgongo wa kungwi unaoondoka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi nina watoto," akarudi kwenye koleo lake. Sikumlaumu. Nilikasirika, lakini sikumlaumu.

Nikamwaga nusu ya kapu. Nikaliweka lile lililobaki juu ya ukingo wa tuta, nikashuka mwenyewe ndani ya jaruba kavu, nikachutama na kuingiza kichwa chini ya kapu huku nikilivuta. Mara ya kwanza lilinimwagikia lote machoni. Wanaume walipiga makofi. Mara ya pili lilikaa. Nikapanda tuta huku shingo ikilia, nikaenda ghalani peke yangu, hatua mia nyuma ya wimbo.

Ndivyo nilivyobeba siku ile na zilizofuata. Kwa makapu nusunusu kipande changu hakikuisha mapema. Wenzangu walipokwenda kuswali adhuhuri mimi nilikuwa nyuma, walipokwenda kwao alasiri mimi nilikuwa bado. Nilimaliza. Kila siku nilimaliza, na kila nilipopita ukuta wa ghala niliuona mti wa babu umeegemea pale, umelainika, unanesa vizuri, makapu mawili kwa safari moja. Asifikiri mtu kwamba sikuutamani. Shingo yangu ilikuwa imevimba hata siwezi kugeuza kichwa kwenye salamu ya swala, nikageuza macho tu.

Siku ya nne nyapara aliniita pembeni. Alikuwa mpole.

"Niandike jipu," akasema. "Nitakuandikia jipu, watu watasahau. Ikifika siku ya saba unarudi kwenye mzega, umepona. Nimekwisha kuwaambia baadhi kwamba ulikuwa na homa, jipu lilipanda kichwani ukasema ovyo."

"Jipu hupona, mzee wangu," nikamwambia. "Mimi sitapona, kwa sababu siumwi."

Alitikisa kichwa, akaenda. Nadhani nilimuumiza. Alikuwa amenichimbia shimo zuri la kutorokea, nami nimelifukia mbele yake.

Jumatatu ile ile habari zilikuwa zimefika Kaole kabla yangu. Mamangu alingoja nimalize kula. "Umenivua nguo sokoni," akasema. Nikamwambia sikumvua yeye. Alilia, kisha akaniletea maneno ambayo hakika alikuwa ameyapanga tangu mchana. Watu wa Kiwangwa atawaambia nimebadili nia. Hapa nyumbani niwe nitakavyo, nikipenda nichote maji, nikipenda nisuke ukili na yeye, mlango ukifungwa hakuna wa kuona. Ila kazini nirudi kwenye mzega.

Lilikuwa jambo kubwa kutoka kwake, na leo nikilikumbuka moyo hunilainika. Usiku ule halikunilainisha. "Nyumbani nalala tu, mama," nikamwambia. "Kazini ndiko ninakoonekana na watu. Unanipa kiza, mimi nataka mchana." Akasema mimi ni mkaidi kama babu yangu. Nikasema ndiyo.

Siku ya kumi mvua ikatuwahi.

Vuli haikutarajiwa mpaka baada ya wiki mbili nzima. Asubuhi ilikuwa kavu, mchana ukaingia joto la kuziba pumzi, kisha wingu jeusi likajitokeza upande wa bara, na upepo wa baridi ukapita juu ya majaruba ukituma vumbi la chumvi machoni. Vyungu vinne vilikuwa nje, chumvi ya zaidi ya wiki moja ya watu wote. Chumvi haina subira na mvua. Nyapara alianza kukimbia huku na huku ameishika pama yake. Kila mtu na abebe. Vipande havihesabiwi tena, wavuta reki nao wabebe, mjazaji naye aliacha koleo, akajitwika kikapu kidogo akaondoka.

Matone ya kwanza yaliniangukia nikiwa nimetega kapu langu kwenye ukingo kama nilivyozoea. Nikashuka jarubani. Matone yakazidi, udongo ukalainika. Tuta likamomonyoka chini ya kapu, kapu likaporomoka, nikaishia nimekaa kwenye tope. Nikajaribu mahali pengine, ikawa vilevile.

Nyapara akanifikia anatweta. Mkononi alikuwa na mti wangu wa mzega, ameutoa ukutani mwenyewe.

"Shika! Makapu mawili kwa mara moja, wewe ndiye mwenye nguvu hapa. Mambo yako yatakuja kesho. Hii ni mali ya wananchi inayeyuka."

"Na mimi ni mwananchi," nikasema. "Nitwishwe, nitabeba mpaka asubuhi."

"Nitakutwisha mimi!"

"Wewe si mwanamke. Uliyasema mwenyewe masharti."

Akautupa mti miguuni pangu, akakimbia. Nilijaza kapu langu mpaka juu, nikaweka kata kichwani, nikasimama kando yake nimekunja mikono. Najua inavyosikika. Jasho la watu lilikuwa likigeuka maji mbele ya macho yangu, na la kwangu limo, na mti uko miguuni. Watu watasema ulikuwa ukaidi wa kijinga. Huenda. Lakini nilijua nikiuinua mti ule mara moja tu, hata kwa wema, hata kwa mvua, kesho yake wote wangesema, mnaona, lilikuwa jipu. Sikuuinua.

Mstari wa wanawake ulikuwa umekwisha kukatika. Kila mmoja alitwishwa na aliyekuwa karibu akaondoka mbio, hakuna wimbo, hakuna wa nyuma. Nilipotazama pembeni, aliyebaki chunguni alikuwa kungwi. Alikuwa amewatwisha wote, mmoja baada ya mwingine, kama mkubwa wao. Sasa kapu lake kubwa limejaa na hakuna mtu. Alilishika akajaribu. Likafika magotini, likarudi chini. Akaliburuta hadi kwenye tuta, akalitega ukingoni kama alivyoniona nikifanya siku kumi, na tuta likamfanyia lilichonifanyia mimi.

Alisimama. Mvua ilikuwa sasa inanyesha kwelikweli. Tulikuwa wawili tu, na makapu mawili.

"Njoo unitwishe," akasema.

Nilikuwa nimengoja siku kumi kusikia sauti yake, na nilipoisikia nikapandwa na hasira hata masikio yakawa moto.

"Mimi ni ajinabi," nikamwambia. "Kifua kwa kifua, mikono ikutane, kwa dini gani?"

"Mvua inanyesha."

"Naiona."

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki unipende. Sitaki unicheze ngoma. Nataka ujue unamwita nani."

Alijifuta uso kwa ncha ya kaniki. Maji ya mvua na chumvi yalikuwa yakimwingia machoni, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mzee, mabega yake yameshuka.

"Sijui," akasema. "Wari niliowacheza siwezi kuwahesabu, nikidhani najua mwanamke anavyotengenezwa. Wewe sijui ulivyotengenezwa. Lakini mti wako ule pale chini, na shingo yako imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Hakuna mwanamume ninayemjua angejitesa hivyo. Wanaume hawajitesi kwa jambo kama hili." Akatazama kapu lake. "Sasa utanitwisha au utaniacha nisimame hapa mpaka niyeyuke na mimi?"

Halikuwa jibu nililolitaka. Nililitaka zuri zaidi. Lakini lilikuwa la kweli, na watu walionipa jibu la kweli mpaka siku ile walikuwa wachache.

Nikaenda. Tulisimama kifua kwa kifua, tukashika kapu lake kila mtu upande wake, mikono ikakutana chini, yake migumu kuliko yangu. Tukahesabu kwa macho. Juu. Lilikaa juu ya kata bila kuyumba, akaachia mikono.

Kisha akageuka na kuondoka.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Kati ya watu wawili, mmoja humtwisha mwenzake, na anayebaki hana mtu. Nilikuwa nimemtwisha yeye, na mimi nimebaki. Alipiga hatua mbili, tatu, nne, nyayo zake zikijaa maji nyuma yake. Nilisimama na kata yangu kichwani kama mjinga. Sikumwita. Kama ni kwenda, aende, kumwomba simwombi tena.

Hatua ya tano alisimama. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo, hugeuza mwili wote, naye akageuka mzima mzima, taratibu, akarudi. Nilikuwa nimesikia kwamba zamani walikuwepo wanawake wanaoweza kumtwisha mwenzao huku wenyewe wamebeba. Nilidhani ni hadithi za wazee. Alifika mbele yangu, akapanua miguu kwenye tope, mgongo wima kama mlango, akaanza kushuka kwa magoti peke yake, kapu lile kubwa likimtulia kichwani, mpaka mikono yake ikafika kwenye kapu langu.

"Haya, shika," akasema kwa meno yaliyofungwa. "Shika upande wako upesi, mwanamke we, shingo inaniuma."

Nikashika. Lilipanda, zima, si nusu. Uzito ulinishuka kutoka utosini mpaka kwenye visigino, na niliyumba, akanishika kiwiko, akaniachia. Tukaenda juu ya matuta, yeye mbele mimi nyuma, naye njia nzima alinikaripia: nisitazame chini, nisikaze mabega, nitembee kwa kiuno, nani alinifundisha kubeba hivi. Niliitikia kila neno, naam, naam, na nilikuwa nalia, lakini kwenye mvua ile nani angejua.

Ghalani walikuwa wamejaa wote, wanaume na wanawake, wanakamua nguo. Nyapara alikuwa amesimama katikati ya mlango. Alimtazama kungwi, akanitazama mimi, akatazama kapu langu lilivyojaa. Akafungua kinywa.

"Tupishe," kungwi akamwambia.

Akatupisha.